Vitabu vya mtumba Ngamiani, pitia kabla ya Krismasi

Jamani kama pilau la Krismasi limekushinda na tivii imekuchosha, pita kwa yule mzee wa vitabu vya mtumba hapa Ngamiani, Tanga, mi nimetoka na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, kile cha mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kwa shilingi elfu tatu baada ya kubishana weee. Nikaongeza na kile cha mwandishi Mwingereza Dickens cha 1843, A Christmas Carol, bahili anatokewa na mizimu mkesha wa Krismasi, kumbe Waingereza wa zamani sikukuu ndo walikuwa wanatishana hivyo! Kasoro, Bwana Msa wangu kurasa za mwisho hazipo, nadhani zimeshafungia mtu karanga, sasa nani kaua sijui. Mzee kacheka tu, "mwanangu, rudi kesho." Ana kopi ingine kaikalia, nimeiona.