Mahakama ya CARE, California: tathmini kwa familia za Unguja na Pemba

Wenye jamaa Marekani huuliza kama hakimu wa huko anaweza kumlazimisha mgonjwa wa akili ameze dawa. Kwa CARE, mpango wa mahakama za California wa kumpatia matibabu mgonjwa mkali wa akili, hawezi. Anaweza kuiweka dawa ndani ya amri yake, lakini hakuna ruhusa ya kumshika mtu na kumchoma sindano kwa amri hiyo. Anayemfungulia ndugu yake ombi akitarajia hivyo atavunjika moyo.

Mpango ulianza Oktoba 2023 katika kaunti chache, na kufikia Disemba 2024 ulishaenea kaunti zote 58. Mwanzoni ulihusu skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na maradhi ya jamii yake. Tangu Januari 2026 umepanuliwa, na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno) ya aina ya kwanza nayo imo, ikimfanya mgonjwa asikie au aamini yasiyokuwepo.

Kilicho kizuri zaidi ni mlango wake. Mzazi, mume au mke, ndugu, mtoto aliyekuwa mtu mzima, babu au bibi hujaza fomu ya CARE-100 na kuipeleka mahakamani mwenyewe, bila ada na bila polisi. Aliyewahi kuona mgonjwa akipakiwa garini kwa pingu mtaa mzima ukitazama ataijua thamani ya hilo. Mgonjwa naye hupewa wakili bure. Mpango wa matibabu huwa wa mwaka mmoja, na unaweza kuongezwa mwaka mwengine.

Ombi huanguka kwenye viambatanisho. Inatakiwa ama fomu ya CARE-101, iliyojazwa na mtaalamu wa afya ya akili aliyemuona mgonjwa au kujaribu kumuona ndani ya siku 60, ama ushahidi kwamba ameshazuiliwa hospitali kwa matibabu ya kina angalau mara mbili, na ya mwisho iwe ndani ya siku 60 hizo hizo. Karatasi za hospitali za mwaka juzi peke yake hazisaidii kitu. Kwa hivyo fomu ijazwe mara tu anapotoka wodini, siku bado zipo.

Kasoro kubwa kwa watu wetu: ami, mjomba na shangazi hawamo kwenye orodha, isipokuwa wanaishi nyumba moja na mgonjwa au wamesimama mahali pa mzazi wake.

Kuna wanaotaka sheria ya namna hii hapa. Afya si jambo la Muungano, sheria ya afya ya akili ya Bara ya 2008 haivuki bahari, kwa hivyo ni kazi ya Baraza la Wawakilishi. Tungeuchukua mlango ule wa familia na kuupanua umfikie kila mjomba. Lakini amri bila dawa ni karatasi tu. Haloperidol ya mafuta, sindano ya kutuliza maradhi haya, huchomwa kila baada ya wiki nne, na hutoka mwilini polepole mno. Mgonjwa akikosa tarehe haharibikiwi siku hiyo: wiki kadhaa hupita ametulia, nyumbani wakaamini amepona, kisha usingizi unaanza kumkimbia na ugonjwa unarudi. Hospitali ya akili tunayo moja, Kidongo Chekundu, na mtu wa Micheweni ana bahari mbele yake. Sheria itaje kwanza nani anamfuata nyumbani aliyekosa sindano, ndani ya siku ngapi, na dawa hiyo iwekwe kituo gani cha Pemba. Hakimu aje baada ya hapo.

CARE tunaipa nyota tatu kati ya tano.