Mrija wa trakeostomia wenye mrija wa ndani: kwa wodi yenye manesi wachache

Mrija wa trakeostomia huingizwa kwenye tundu lililotobolewa shingoni ili mgonjwa apumue, na huu wenye mrija wa ndani ndio wa kununua. Makohozi yakigandia, unachomoa mrija wa ndani na kuweka wa akiba papo hapo. Wa nje unabaki shingoni, mgonjwa anaendelea kupumua. Kasoro yake ni kwamba mrija wa ndani unapunguza njia ya hewa, basi soma kipenyo cha ndani kabla ya kuchagua katheta ya kunyonyea, yaani mrija mwembamba wa kutoa makohozi. Unene wa katheta usizidi nusu ya kipenyo hicho: kwa milimita 8, katheta namba 12 (milimita 4), na kila mnyonyo usipite sekunde 15.

Puto linalouzunguka mrija wa nje ndani ya trakea (bomba la hewa) hupoteza hewa taratibu. Lipime kwa geji kila zamu, shinikizo lake libaki sentimita 20 hadi 30 za maji. Tafadhali, kubonyeza kwa vidole hakutoshi! Likijazwa mno hukata damu kwenye ukuta wa trakea na kidonda huanza.