Nati za Chuma za Kipande Kimoja: Imara, Ila Rangi Yake Dhaifu

Nilipobadilisha rimu za gari langu la njia mbovu, nati za magurudumu za awali zenye washa bapa hazikukaa kwenye matundu ya koni, hivyo nikanunua nati za chuma za kipande kimoja zenye koni ya digrii 60 na uzi wa M12 × 1.5 (kipenyo cha milimita 12, umbali wa milimita 1.5 kati ya uzi na uzi), uleule wa stadi zangu, yaani boliti zinazoshika gurudumu. Ziliingia kwa mkono bila kukwama, nikazikaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa mpangilio wa nyota, na nilipozikagua baada ya kilomita 80 hakuna iliyolegea. Rangi nyeusi ilibanduka mara ya kwanza tu soketi ilipoigusa. Hata hivyo nazipendelea kuliko zile za vipande viwili zenye kofia ya kromu, ambayo hutuna kwa kutu hadi spana isiingie, tena mara nyingi ukiwa matopeni na pancha.