Mkeka wa silikoni: nimeutumia miezi minne

Meza yangu ina doa jeusi, duara, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Pasi ya kulehemu iliangukia hapo nikiwa jikoni nageuza sato. Na meza yenyewe ni ya mninga, ya marehemu bibi. Mama alipokuja kwangu Kirumba, hapa Mwanza, akaliona, hakusema neno. Alivua mtandio wake akalifunika. Kesho yake nilikuwa sokoni Makoroboi natafuta cha kutandika.

Si kwamba nilikuwa sijajaribu. Mpira wa meza, ule wa maua, ulijikunja na kunuka siku ya kwanza tu. Ni plastiki ya PVC, haiwezi moto. Hadibodi ilivumilia, ila inakunywa fulaksi (ile dawa ya kulehemu inayonata), na baada ya wiki inanata kama kibao cha maandazi. Kipande cha tailizi nilichopewa na fundi ujenzi hakiungui kabisa, lakini skrubu ndogo ikidondokea hapo inaruka. Moja mpaka leo sijaiona, labda iko Ukerewe.

Mkeka nilionunua ni wa buluu, sentimita 45 kwa 30, una vijishimo vya kuwekea skrubu. Muuzaji alianzia 35,000, tukamalizana 22,000. "Dada, huu hata mkaa weka." Kwenye pakiti wameandika nyuzi 500. Mkaa sijaweka. Silikoni ya kawaida huvumilia nyuzi mia mbili na kitu kwa muda mrefu. Pasi yangu naiweka 350, ilipougusa sekunde chache iliacha kidoa cheupe, basi. Kilichonifurahisha ni tone la risasi ya kulehemu: linaanguka, linajiviringa kama maji juu ya jani la gugu maji, linaganda, unalibandua kwa ukucha. (Unawe kabla ya kula. Ile ni sumu.)

Sasa ubaya wake. Wembe. Siku moja nilimenyea waya juu yake, wembe ukapita moja kwa moja hadi kwenye mninga, kwa hiyo meza ya bibi ina alama mbili. Siku hizi kukata nakatia kwenye tailizi.

Halafu unashika kila uchafu. Wadudu wa ziwani wakija usiku kufuata taa, asubuhi mkeka mzima umeota mabawa. Maji na sabuni vinatosha, lakini ni kazi ya kila siku.

Anayetengeneza bodi za simu ajue pia kwamba mkeka wa namna hii hauondoi umeme tuli, ule wa msuguano unaoweza kuua vipuri vidogo. Anahitaji ule maalumu wenye waya wa kwenda ardhini, na bei yake ni nyingine. Mimi nafufua redio za zamani, haunisumbui.

Ukienda kununua, ukunje kwa nguvu mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela. Ukibaki na mkunjo na harufu ya plastiki, mrudishie. Na kama kuna wa milimita tatu, ongeza elfu kadhaa uchukue huo. Wangu ni mwembamba, na mama anakuja tena Desemba.