Chumba cha futi 10 kwa 10 Mtwara: anza ukaguzi uani

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, bado ndiyo kimbilio la wapangaji wengi Magomeni, Chikongola na Majengo. Mteja huoneshwa sakafu, rangi na dirisha, kisha anaulizwa kama kodi ya miezi sita anayo. Chumba chenyewe mara nyingi hakina neno. Kasoro iko uani, kwa sababu choo, bafu na bomba vilijengwa kwa hesabu ya familia moja.

Tuanze na chumba. Futi 10 kwa 10 ni kama mita za mraba 9.3. Kitanda cha 5 kwa 6 kinakula futi za mraba 30 kati ya 100, kabati la 4 kwa 2 linakula 8, na ukishapanga jiko la gesi, ndoo na vyombo, inabaki njia ya kupita na mahali pa kutandika mkeka mmoja. Wawili na mtoto mchanga wanakaa vizuri. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, huhesabu kuwa pana msongamano chumba kimoja kikiwa na zaidi ya watu watatu. Wanne ndani ya futi hizo wanalala, lakini mwanafunzi hapati pa kuandikia, na mmoja akikohoa kifua kikuu wote wanavuta hewa ileile.

Hewa ndiyo inayotofautisha chumba na chumba, hata ndani ya nyumba moja. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanapendeza, ila hufunguka nusu tu: dirisha la futi 4 kwa 4 linakupa upepo wa futi 2 kwa 4. La mbao la kizamani lenye nyavu hufunguka lote. Miezi ya joto, Novemba hadi Februari, ni msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, hivyo dirisha linalotazama kaskazini au mashariki lina faida kubwa, mradi lisiwe limekabwa na ukuta wa jirani. Kama juu ni bati tupu bila silingi, nenda saa tisa alasiri, simama katikati ya chumba dakika kumi. Kitanda cha dabo deka chini ya bati la namna hiyo kinamwonea anayelala juu.

Sasa uani. Vyumba sita vikilaza watu wanne wanne ni watu 24. Choo kimoja na bafu moja, kila mtu dakika tano tu, ni saa mbili nzima za foleni, na wote wanataka kutoka kabla ya saa moja asubuhi. Hata viwango vya Sphere vya kambi za dharura vinataka choo kisizidi watu 20. Maji nayo: ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu ni lita 480 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 500 haliwezi kuvuka siku ya pili bomba likikauka. Mitaa ya chini iliyo karibu na bahari uliza shimo la choo linakuwaje mvua zikikolea, kwani maji ya ardhini yakipanda shimo hujaa kabla ya wakati. Anayelipia gari la kunyonya majitaka aandikwe kwenye mkataba. Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo.

Umeme wa LUKU (mita ya kulipia kabla) moja kwa nyumba nzima unaumiza kimyakimya. Mita ya matumizi madogo ina bei nafuu hadi uniti 75 kwa mwezi. Friji moja ikila uniti moja kwa siku, friji tatu zinavuka 75 zenyewe, na wote wanaingia kwenye bei ya juu, hata mwenye taa moja. Sabmita, yaani mita ndogo ya kila chumba, hugawa matumizi kwa haki, lakini bei hairudi chini. Kodi ya jengo pia hukatwa humohumo kwenye LUKU, nayo ni mzigo wa mwenye nyumba. Kubaliana naye mapema ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Soketi ikiwa moja, usichomeke jagi la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwa pamoja: ekstensheni ya ampea 13 mwisho wake ni karibu wati 3,000, na za bei rahisi huyeyuka kabla ya hapo.

Kwa watu wawili, chumba cha namna hii katikati ya mji kinastahili kodi yake, kwani soko na stendi viko karibu. Familia ya watu watano itafute chumba na sebule pembezoni, Mangamba au Naliendele, hata kama nauli itaongezeka. Kwa vyovyote, kabla ya kutoa fedha nenda peke yako saa kumi na mbili asubuhi, bila dalali, uhesabu ndoo zilizopangwa mlangoni pa bafu.