Boya la kuvulia: lipi linafaa maji ya Uganda

Boya la kuvulia ni kiti cha kujaza upepo. Unakaa katikati, miguu inaning'inia majini ikiwa imevaa mapezi ya kuogelea, unapiga mateke taratibu na boya linakwenda kinyumenyume huku mikono yote miwili iko kwenye ufito. Halina injini. Ukishatoa upepo unalikunja, linaingia begini, na unapanda nalo basi la Kabale bila kubishana na konda kuhusu mzigo.

Wauzaji wa mtandaoni huyapanga kwa bei, kwa rangi, kwa wingi wa mifuko ya kuwekea ndoano. Kwetu mimi naanza na swali jingine: ukikaa, mwili wako unazama kiasi gani? Sababu ni kichocho, mamba na viboko, kwa utaratibu huo.

Kichocho kinatajwa kwanza kwa kuwa hakionekani. Vimelea hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi, hata isiyo na kidonda. Konokono hao hupenda kina kifupi chenye majani, na pembezoni kama hapo ndipo mwenye boya anapoingilia na kutokea. Ziwa Victoria lina kichocho, kwa hiyo mandhari nzuri ya Entebbe isikudanganye. Kuhusu mamba, watu wa kando ya ziwa hawajamsahau yule aliyenaswa kijiji cha Luganga mwaka 2005, waliyempa jina la Osama, aliyedaiwa kuua watu zaidi ya 80. Hata tukiipunguza hesabu hiyo nusu, miguu inayochezacheza majini si jambo la kujaribia huko. Ziwa Mburo, Mfereji wa Kazinga na Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison usiyafikirie kabisa, maana kiboko hahitaji njaa ili akuvamie. Ukimtaka sangara wa Murchison, ambaye wengi hapa humwita mputa, lipia kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, panda boti la mtu anayeujua mto, na hela ya boya itumie kununua jaketi zuri la kuokoa maisha.

Basi boya ni la wapi? Kwa maoni yangu ni la Bunyonyi kwanza. Ziwa hilo liko jirani na mji wa Kabale, karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, na linasifika kwa kutokuwa na mamba, viboko wala kichocho. Wageni na wenyeji huogelea humo. Samaki wake si wakubwa: kuna ngege (aina ya perege), kambare, na kamba wa maji baridi ambao wapishi wa hoteli za pale wanawajua vizuri. Baada ya Bunyonyi ni mabwawa ya watu binafsi, ukiruhusiwa na mwenyewe. Ila bwawa lenye konokono nalo lina wasiwasi uleule.

Nafasi ya kwanza naipa maboya yenye mirija miwili mirefu na kiti kigumu kilichoinuliwa juu ya maji, kama High Rider ya Savage Gear. Kinacholowa zaidi ni miguu kuanzia magotini kwenda chini. Kwa kuwa umekaa juu, unatupa ndoano mbali zaidi na unaona mbele yako. Kasoro yake ni upepo: kitu kilichoinuka husukumwa, na Bunyonyi alasiri huwa na upepo wa kutosha kukupeleka usikokutaka. Pia ni zito kuliko mengine, na aliyepanga kulibeba akiwa juu ya boda afikirie mara mbili.

Ya pili ni yale ya umbo la herufi U, yaliyo wazi mbele. Fish Cat 4 ya Outcast na Cumberland ya Classic Accessories ni mifano inayojulikana. Unaingia kwa kurudi nyuma na kukaa, unatoka kwa kusimama. Huo uwazi wa mbele una thamani kuliko mapambo yote, kwa sababu mambo yakiharibika unataka kutoka upesi. Makalio na mapaja yatalowa, hivyo utahitaji suruali ya mpira yenye buti. Kama bajeti haifiki kwenye kiti cha juu, nunua hili na usijilaumu.

Kayaki (mtumbwi mwembamba) ya kujaza upepo, kama Explorer K2 ya Intex inayobeba kilo 180, ningeipa nafasi ya kwanza kama ningeshika kigezo changu bila huruma, maana miguu inakaa ndani. Lakini kasia linachukua mikono, na ukiliweka chini ili uvue, upepo unakugeuza. Plastiki yake pia haina kitambaa cha kuikinga, na miiba ya mgongo wa ngege ni mikali. Naiweka ya tatu. Anayeng'ang'ania maji yenye mashaka ya kichocho, lakini yasiyo na mamba wala viboko, achague hii tu.

Ya nne, boya la mviringo. Unaingiza miguu tundu la katikati ukiwa na mapezi, ukiyumba, na ukipinduka umenasa. Ni la rahisi, lakini nisingelichukua hata kwa bei ya nusu.

Ya mwisho ni tyubu ya lori kutoka Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala. Najua vijana wengi wamejifunzia kuogelea juu yake. Kwa uvuvi haina kiti wala mgongo, kiuno kizima kiko majini, valvu ya chuma inakukwaruza, na ina chumba kimoja tu cha upepo. Ikitoboka, huna kingine cha kukushikilia.

Hilo la vyumba ndilo la kwanza kukagua kwenye boya lolote. Viwe viwili au zaidi vinavyojitegemea, kimojawapo kikiwa kwenye kiti au mgongo. Uzito unaoandikwa kwenye boksi usiuchukulie kama wako peke yako: jumlisha nguo zilizolowa, vifaa, jaketi na samaki, kisha ubakize kama robo. Ukiagiza nje, uliza mapema gharama za usafiri na forodha pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, kwa sababu boya la bei ya kutupa huacha kuwa la bei ya kutupa likifika Kampala.

Uliza pia linazibwaje. Fundi wa pancha wa kituo cha boda amezoea tyubu ya mpira. Ukimpa plastiki ya PVC akaiweka kwenye kiraka cha moto, itayeyuka. Unahitaji gundi ya PVC na kiraka cha plastiki hiyohiyo, na viwe begini kabla hujaondoka nyumbani.

Boya lijazwe ziwani. Lililojazwa kwa kukazwa Kampala, penye kama mita 1,200, halafu likapanda na pikapu hadi Kabale, hukuta hewa ya nje imepungua mgandamizo na mishono inaanza kulia. Likitoka majini na kuachwa juani, punguza upepo kidogo, maana joto hupanua hewa ya ndani na mishono hukazika vilevile.

Mapezi mafupi na mapana yanatosha. Mkanda wa suruali ya mpira ufungwe kiunoni kila mara, ili ukianguka maji yasiijaze hadi miguuni. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe, lisifungwe nyuma ya kiti. Toka asubuhi, vua karibu na ukingo ulio upande upepo unakotoka, na mawingu yakianza kujikusanya juu ya vilima usisubiri ngurumo.

Ukirudi, lisafishe, likaushe kivulini, ulining'inize mbali na sakafu. Panya wa stoo huitoboa PVC upesi kuliko ndoano yoyote.