IBM Simon ya 1994, nimeishika na kuitumia, huu ndo uzoefu wangu

Wadau mi ni fundi simu hapa Atlanta, Georgia, kuna mzee mmoja mteja wangu kaniletea simu yake ya IBM Simon anataka iwake tu aione tena, betri ilishakufa kitambo nikaunga seli mpya, ikawaka, nikamwomba nibaki nayo siku kadhaa akakubali.

Kwanza ni tofali, gramu 510. Haina vitufe vya namba kabisa, ni simu ya tachi, namba zinatokea humohumo kwenye kioo, hakina rangi lakini kinasomeka vizuri, unagusa kwa kidole au kalamu yake. Ndani kuna kalenda, kikokotoo, sehemu ya kuandika noti, imeili na hadi faksi! Kilichonimaliza mimi ni kibodi, kuna moja inakuwekea herufi sita tu, zile inazobashiri utazitaka, ukibonyeza moja zinakuja sita nyingine, kwa Kiingereza inakwenda vizuri ila ukiandika Kiswahili inapotea kabisa. Na hii ni miaka 13 kabla ya iPhone jamani.

Sasa kwa nini ilikufa? BellSouth, kampuni ya simu ambayo makao yake yalikuwa hapahapa Atlanta, walianza kuiuza Agosti 1994 kwa dola 899 ukichukua na mkataba wa miaka miwili, bila mkataba 1,099, halafu betri ni saa moja tu ya maongezi, yaani mtu wa biashara atoe hela yote hiyo afu simu izime kabla ya mchana, wakati Motorola wana simu ndogo za kukunja unatia mfukoni. Programu ya kuongezea, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ilitoka moja tu, DispatchIt, nayo dola 299 kwa kila simu. Februari 1995 ikaondolewa sokoni, zimeuzwa kama 50,000.

Wanaosema wazo lenyewe la kuchanganya simu na kompyuta lilikuwa bovu mi siwaelewi, Frank Canova, mhandisi wa IBM, na wenzake waliona mbali sana, betri na mtandao wa wakati ule ndo vilikuwa nyuma. Leo kupiga simu haiwezekani, mtandao wa zamani wa analogi ambao simu hii inautegemea ulizimwa hapa Marekani 2008, ila kalenda na noti zinafanya kazi poa.

Ukiipata mahali usiiwashe kwanza, toa betri uangalie kama imevuja, na ikiwa imevuja safisha vile vyuma vya mawasiliano taratibu na spiriti kabla hujaweka umeme wowote.